Siku Mashine Ilipotoa Kahawa

Harufu ya buni zinazokaangwa hunirudisha Katoro, kwenye ua wa nyumba yetu ya kupanga, saa za alasiri, vumbi la barabara likiwa limetanda hewani na karasha za kusagia mawe ya dhahabu zikinguruma pembezoni mwa mji bila kupumzika. Nyumba ile ilikuwa ndefu, milango yake ikitazamana, na sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mwisho. Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kigoma aliyeuza chapati na kahawa kwa wachimbaji, na ndiye aliyekuwa akikaanga buni kwenye kikaango kikuukuu, akizikoroga kwa mwiko mpaka zianze kupasuka na moshi wake uingie hadi kwenye mashuka yetu. Baba alikuwa fundi wa pampu. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hujaa maji kila mara, na bila pampu hakuna anayeshuka; kwa hiyo baba alikuwa mtu wa kuitwa alfajiri na kurudi jioni akiwa na matope hadi mapajani. Tulikuwa tumetoka Samuye, upande wa Shinyanga, tukiifuata kazi hiyo: baba, mama, mimi Minza niliyekuwa darasa la tano, na mdogo wangu Masele ambaye alikuwa bado anatambaa.

Mashine ya kahawa ilifika nyumbani ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya baba. Alikuwa ameikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mmoja wao ameshanyanyua nyundo aivunje apate shaba, baba akaiomba, na badala yake akawaachia mota ya pampu iliyoungua. Hakuna aliyejua ilikotoka. Wengine walisema ni ya nyumba ya wageni iliyofungwa zamani, wengine wakasema iliachwa na Mzungu mmoja mchimba visima. Ilikuwa na tumbo la shaba la mviringo kama kibuyu, geji ndogo yenye kioo kilichopasuka, na mbele yake silinda nyembamba iliyochomoza mkono mrefu wa chuma wenye mpini wa mti mweusi. Baba alitueleza inavyofanya kazi kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Maji huchemka tumboni. Ukiunyanyua mkono yanaingia juu ya kahawa. Ukiushusha polepole, kwa nguvu zako mwenyewe, pistoni inayasukuma yapite ndani ya kahawa mpaka kikombeni. “Ni pampu,” alisema. “Ni pampu kama pampu nyingine, ila hii inavuta kitu kitamu.”

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Waya wa kuchemshia ulikuwa umekufa, kwa hiyo baba aliunga vipande vya nondo akatengeneza kigoda, akaliweka lile tumbo juu ya jiko la mkaa. Lilipochemka aliushusha mkono kwa heshima zote, na maji yakaruka juu badala ya kushuka, yakamlowesha kifua, huku kikombeni kukidondoka kitu kama maji ya kuoshea sufuria. Mama alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Yeye alikuwa ameizoea kahawa pale pale Katoro, kwa Mama Zuhura, na alishaanza kujiona mjuzi. “Baba Minza,” alisema, “siku lidude hili litakapotoa kahawa ya kunyweka, niiteni hata kama nimerudi kwetu Samuye. Nitakuja mbio!” Tulicheka wote, hata Masele ambaye hakujua tunacheka nini. Mashine ikasukumwa chini ya meza na kufunikwa gunia.

Masele aliugua mvua za kwanza ziliponyesha. Ilianza kama homa za watoto wote, tukaenda zahanati, tukapewa dawa, akalala vizuri. Asubuhi tukijiandaa kumrudisha akaonwe tena, alikata roho mikononi mwa mama, kwenye kitanda kilichokuwa chini ya dirisha. Tulimpeleka Samuye kumzika. Baada ya msiba baba alitakiwa kurudi kazini na mimi shuleni, lakini mama alibaki kwa wazazi wake. Alisema angepumzika kidogo, awasaidie kupanda, kisha aje. Walipomaliza kupanda alisema palizi ni kubwa. Palizi ilipokwisha akasema asubiri mavuno. Hakuna aliyemlaumu. Wakubwa walisema msiba wa mtoto hauna matanga ya kumaliza, na baba alikuwa akiitikia kwa kichwa na kubadili mazungumzo. Akufukuzaye hakwambii toka, wahenga walisema. Mimi siku hizo niligundua kwamba hata aliyekwisha kuondoka hasemi kwaheri, anasema tu kwamba shamba lina majani.

Sijui namna ya kuueleza upweke wa msimu ule kwa mtu ambaye hakuwahi kufungua kufuli kwa mkono wake akiwa mtoto, akaingia ndani, na kukuta kila kitu kiko vilevile alivyokiacha asubuhi. Kijiko kilikuwa pale pale. Maji ya kunawa yalikuwa na vumbi lile lile juu yake. Nilikuwa nikifika kutoka shuleni nasimama mlangoni kwanza, nikisikiliza, kana kwamba ndani kuna mtu asiyependa kushtuliwa. Kisha nilibandika ugali wa dona na mlenda, nikala nusu yangu na kuifunika nusu ya baba, nikatoka kukaa kizingitini kutazama watoto wa wapangaji wengine wakiitwa na mama zao. Watu wa ua ule walitoka kila pembe ya nchi, Wakristo na Waislamu, wakitaniana kwa Kiswahili cha lafudhi mbalimbali, na kelele zao zilinifanya nijione niko mbali zaidi. Jumapili baba alikuwa akimpigia mama simu. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, kisha simu ikaletwa kwangu. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Unakula?” “Ninakula.” Baada ya hapo sote wawili tulibaki tukisikiliza upepo wa Samuye ukipita kwenye simu yake, mpaka salio likaisha.

Jumapili moja, simu kama hiyo ilipokatika, nilivuta gunia chini ya meza nikamwambia baba: “Tuitengeneze.” Sikumwambia sababu, na yeye hakuuliza, lakini akaenda kuleta sanduku lake la spana. Ugonjwa wa mashine aliujua toka siku ile ya kwanza: mpira unaoizunguka pistoni ulikuwa umekakamaa na kuliwa, ndiyo maana maji yalikuwa yanapanda badala ya kushuka. Alikata mpira mwingine kutoka tyubu ya lori, na kahawa ikanuka mpira. Akakata ngozi kwa fundi viatu, ikasinyaa kwenye maji ya moto kama sikio la mbuzi aliyechunwa. Majirani walianza kuuliza. Mwenyekiti wa mtaa naye alikuja akiwa na fimbo yake, akauinamia ule mtungi wa shaba na bomba lake, akanusa.

“Fundi, mimi nakuheshimu,” alisema. “Lakini watu wananiambia unapika gongo.”

“Ni kahawa, mzee.”

“Kahawa inapikwa kwenye birika.”

“Hii ni ya Kizungu.”

“Basi siku ikitoka uniite,” alisema, akiwa bado anatazama kwa jicho la kutoamini. Nilikumbuka maneno ya mama.

Suluhisho tulilipata mji mwingine, mwendo wa saa moja kwa basi. Baba alikuwa na rafiki huko aliyetengeneza malori, na siku ya mapumziko tulipanda basi kwenda kumwona. Tulipofika, baba alimweleza shida kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, na yule fundi akafungua boksi la vipuri akatoa mpira mdogo mweusi wa silinda ya breki, uliotengenezwa kuvumilia moto. Baba aliukandamiza kwa kidole gumba, akautazama kwenye mwanga, akatabasamu. Kisha tulipita sokoni tukanunua buni za Karagwe kwa mwanamke aliyezipima kwa kopo, na baba akaninunulia muwa. Njiani kurudi nililala nikiwa nimeegemea bega lake lililonuka dizeli. Ile ndiyo siku ya raha niliyoibeba kutoka msimu ule.

Kuivisha pistoni mpira ilikuwa kazi ya baba; kuielewa kahawa ikawa yangu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na jioni ndefu. Mama Zuhura alinifundisha kuzikaanga buni zisiungue. Nilizitwanga kwenye kinu kidogo cha viungo na kuchekecha kwa kitambaa chepesi, na hapo nikaanza kujua tabia ya mashine ile. Unga ukiwa mkubwa, mkono ulishuka kama kisu kwenye parachichi na kahawa ikatoka chapuchapu, rangi ya chai. Unga ukiwa laini mno, mkono ulikataa kabisa. Nilipanda juu ya stuli nikaning’inia kwa uzito wangu wote, miguu hewani, na hakuna kilichodondoka. Maji yakichemka kupita kiasi kahawa iliungua, yasipochemka ya kutosha ikachachuka. Mashine ile haikuwa na taa ya kukuambia lolote. Ulisikiliza tumbo lake likianza kuimba, ukaushika mkono wake wa chuma, na kile kilichokuwa kikitokea ndani ulikihisi kwenye viganja na mabega yako. Katika nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akizungumza nami, kilikuwa kitu pekee kilichonijibu. Nikikosea kilinijibu papo hapo, bila hasira, na kesho yake kilinipokea tena.

Kisha ikaja alasiri moja, mtama ukiwa umekwisha kuvunwa vijijini, nikaunyanyua mkono, nikasubiri maji yazame, nikaushusha, na nikahisi ukinipinga kwa namna tofauti, upinzani laini, kama mtu anayekushika mkono na kukubali kutembea nawe. Kahawa ilianza kwa matone mazito, ikaungana ikawa uzi mwembamba unaoning’inia kama asali, na juu yake pakajikusanya povu la rangi ya kichuguu. Baba alikuwa ndiyo kwanza ameingia na matope yake. Alikunywa akiwa amesimama. Alilamba povu mdomoni, halafu akasema, “Mayu.” Hilo ni neno letu la Kisukuma la kumwita mama, na baba alikuwa akiniita hivyo akiwa na furaha ambayo Kiswahili hakikumtosha. “Mayu, imetoka.”

“Mpigie,” nilisema.

“Nani?”

“Mama. Mwambie imetoka.”

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, na ninaamini hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani tulichokuwa tukikitengeneza miezi yote ile. Alitoka nje na simu. Aliporudi alisema mama atakuja wiki ile, na yeye mwenyewe hakuketi. Alienda kuoga hata bila kuchota maji ya moto.

Mama alikuja Jumamosi kwa basi, akiwa na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga mpya. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa ni yeye, na alinikumbatia mlangoni hadi pumzi zikanibana. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la kanisani. “Karibu, Mama Minza,” alisema, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mkwe. Mama aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Mimi niliwasha mkaa. Nilikuwa nimetwanga kahawa tangu asubuhi, nimechekecha mara mbili, nimekipasha kikombe kwa maji ya moto, na baba aliniachia kazi yote akasimama nyuma yangu mikono ikiwa mifukoni. Sikuwa na haraka. Nilisubiri mpaka tumbo liimbe. Niliunyanyua mkono, nikaushusha kwa kifua na mabega, na kahawa ikashuka uzi mmoja usiokatika, nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa, na naweza kuapa kwamba hata leo sijawahi kutoa nyingine inayoifikia.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa mafunda madogo, akimaliza kila moja kabla ya kuanza jingine. “Ni nzuri,” alisema. “Umejua, mwanangu.” Kisha akakiweka kikombe sakafuni, akageukia dirisha ambalo chini yake kilikuwa kile kitanda, akasema, “Baba Minza, tuzungumze.”

Nilitumwa kwa Mama Zuhura. Nilikaa kwenye benchi lake nikitazama mlango wetu, na Mama Zuhura aliniwekea chapati mkononi ambayo sikuila. Hawakupigiana kelele. Laiti wangepigiana. Mama alipotoka alikuwa amebeba sanduku lake la nguo na cherehani yake imefungwa kwenye shuka, na baba alikuwa nyuma yake akimsaidia, kama watu wanaosafiri pamoja. Hapo nikajua kwamba alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake. Alichuchumaa mbele yangu. “Minza, mimi siwezi tena kulala kwenye chumba kile. Nimejaribu. Wewe usome, baba yako atakutunza, na kila likizo utakuja kwangu.”

“Lakini imetoka,” nilimwambia.

“Nini kimetoka?”

Alinifuta uso kwa kiganja, kisha akasimama, na bodaboda mbili zikawachukua hadi stendi, mmoja na sanduku na mwingine na cherehani. Baba alirudi peke yake wakati mkaa ulikuwa umekuwa majivu. Aliketi kwenye kiti kile cha karibu na mlango, akaokota kikombe cha mama kilichokuwa sakafuni, akakigeuza geuza. “Mayu,” alisema, “kahawa ile ilikuwa nzuri sana. Usije ukafikiri hata siku moja kwamba tatizo lilikuwa kahawa.” Halafu baba yangu, ambaye hata makaburini sikumwona akilia, alilia, na mimi sikujua la kufanya isipokuwa kuchochea jiko.

Maisha yaliendelea, kama yanavyoendelea. Tulihamia nyumba nyingine, kitanda akapewa Mama Zuhura. Likizo nilikwenda Samuye, nikalima na mama, tukapendana kwa namna ya watu wanaokutana kwa likizo. Baba hakuoa tena. Kifua kilimchukua nilipokuwa nimeshaanza kujitegemea, na aliniachia spana zake na mashine ile. Siku hizi naishi Shinyanga mjini, nina duka la vipuri vya pampu na mashine za kusaga, na mpira wa breki wa saizi ile haukosekani kwenye rafu zangu. Mashine ile nimeiwekea waya mpya wa umeme. Wakati mwingine nikipita Katoro kufuata mzigo naona ile barabara ya vumbi ina lami, na kuna migahawa ambapo kijana anabonyeza kitufe na kahawa inatoka yenyewe, na yeye huku anachezea simu. Kahawa hiyo siyo mbaya. Wafanyakazi wangu huniuliza kwa nini nisinunue ya namna hiyo nikapumzika, nami huwaambia kwamba mashine ya zamani hutoa povu zito, jambo ambalo ni kweli. Ukweli mwingine siwaambii: kwamba kila asubuhi, kabla sijasema neno na mtu yeyote, kuna kitu kinachonisubiri nikishike na kunijibu kulingana na nilivyokitendea. Hutoa kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Ni mashine ya mtu anayeishi peke yake.

Mwaka huu mama alikuja kutibiwa macho hospitalini, akakaa nami siku kadhaa. Asubuhi moja nilimtengenezea kahawa, na kwa kuwa alikuwa ameketi karibu na mlango, na kwa kuwa sasa ni mzee na mimi si mtoto, nikamuuliza kama anaikumbuka kahawa ya siku ile Katoro. Alifikiri kwa dhati.

“Kahawa?” alisema. “Kwani siku ile nilikunywa kahawa?”

“Ulikunywa. Nilikutengenezea mimi.”

“Sikumbuki, mwanangu. Nakumbuka ulikuwa umejifunga khanga yangu, ile ya njano. Umeifunga kiunoni, umeizungusha mara mbili kwa kuwa ilikuwa ndefu, kama mwanamke mwenye nyumba yake. Nilipoiona nilijua nikikaa mpaka jioni sitaondoka, na nisipoondoka chumba kile kitaniua. Nilitaka kukuomba uivue, nikashindwa.” Alikunywa funda moja. “Njia nzima hadi Samuye nilikuwa naiona khanga ile.”

Nilimwambia haidhuru, yamepita. Baadaye, alipokwenda kulala, nilibaki nimekaa jikoni nikijaribu kuikumbuka khanga hiyo: rangi yake, fundo lake, nilikoitoa, kwa nini niliivaa. Sijaikumbuka mpaka leo.